Msalaba Ulionishinda Mbele ya Askofu

Nyie mnaonicheka mkinikuta njiani hapa Mpanda, chekeni tu, maana kofia ya Askofu niliiangusha mimi, mchana kweupe, kanisa limejaa, na sina wa kumsingizia.

Chanzo ni bega. Likizo nilikwenda kuvuna mpunga kwa bibi, kule Mpimbwe, na kwa kuwa mabinti wa jirani walikuwepo nikajitia mwanaume, nikawa nabeba gunia zima kwa bega la kulia (bibi alishasema tugawe kwenye viroba, mimi nikaziba masikio). Narudi shule, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega umechomoka kama bawa la kuku anayetaka kuruka. Hospitalini dada wa mazoezi ya viungo akanieleza kwamba mzigo umeumiza mshipa wa fahamu wa ule msuli unaoushikilia mfupa mbavuni, kwamba mara nyingi hupona, ila ni kazi ya miezi, nisibebe kizito, na kila asubuhi na jioni nisukume ukuta kwa viganja ili msuli usilale.

Sasa shuleni bawa lilikuwa limeshanipa ustaa na jina, Mwewe. Nikivua shati kidato cha kwanza wanajazana, nachomeka rula nyuma ya mfupa, inakaa, wanapiga kelele, wananimiminia karanga. Nikajiuliza, nikipona nitakula nini? Nikaacha mazoezi. Mama akikagua anakuta alama za viganja kwenye ukuta wa jiko (napaka masizi, nagonga mara moja, naondoka zangu).

Ndipo ikaja habari kwamba Askofu anakuja kutoa kipaimara, na katekista anatafuta kijana mrefu wa kubeba msalaba mbele ya maandamano. Akaniuliza bega limeponaje. Nikamwambia, "Jipya kabisa, mwalimu." Neno hilo moja, jamani. Mama akampigia bibi simu, na bibi akapanda gari kutoka kwake, kitenge kipya, akakaa benchi la mbele, na kila aliyekaa karibu naye akaambiwa anayebeba msalaba ni mjukuu wake.

Msalaba wenyewe ni wa mninga, mbao nzito. Toka nje mpaka mlangoni nilikuwa sawa, katikati ya kanisa mkono ukaanza kutetemeka, nikahamishia uzito kushoto, nikatabasamu kama vile nimeguswa na Roho. Tukafika mbele, natakiwa nisimame pembeni nimeuinua huku Askofu anapita, na alipofika usawa wangu mkono wa kulia ukazima kama umeme. Msalaba ukainama taratibu, kama unamsalimia, ukaisukuma ile kofia ndefu, ikabingirika hadi miguuni kwa wanakwaya. Ngoma ikanyamaza. Askofu akajishika kichwa, akahakikisha kipo, akaniambia kwa upole, "Mpe mwenzako, kijana."

Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza huko nyuma akasema, "Mwewe katua," na kanisa zima likapasuka kwa kicheko. Nilimtazama bibi. Yeye hakucheka, alikuwa anakunjakunja pindo la kitenge.

Baada ya misa kina mama wakamzunguka kumuuliza kulikoni, nami nikasogea na utani wangu nimeshauandaa (kwamba Askofu alikuwa anasikia joto). Bibi akanishika mkono wa kulia, akaubeba kama yai, akawaambia:

"Msimcheke. Nimemuumiza mimi, na mpunga wangu."

Nilitakiwa niseme pale pale kwamba bega lingekuwa limeshapata nafuu, kwamba nililichelewesha mwenyewe kwa ajili ya karanga. Nikainamisha kichwa, nikaacha waendelee kumpa pole.

Kesho yake akarudi kwao. Sasa mama anasema bibi ametangaza kuwa msimu ujao hataki kuona mjukuu shambani, mpunga atabeba mwenyewe, kichwani, hadi barabarani. Bibi yangu, kwa magoti yale.

Kuchezea ugonjwa mbele za watu, mimi basi. Na mpunga ukianza tu kuwa wa dhahabu nitapanda gari la Mpimbwe, nimwambie ukweli kabla hajainua kiroba cha kwanza, hata kama atanifukuza na mwiko.