Mgeni Aliyenyimwa Ufagio

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na ukae kitako nikuhadithie, maana tangu asubuhi wapanda ngazi na kushuka, wachungulia njiani, na ndege ya huyo mgeni wako wa shule haijafika hata Nairobi. Wanitia kiwewe. Mimi mwenyewe si mtu wa kutulia, na ukizunguka mbele yangu miguu yangu nayo yataka kukufuata.

Nilikuwa rika lako. Shule yetu pale Tudor ilikuwa na udugu na shule moja ya Ujerumani: wao huja wakakaa majumbani mwetu, kisha sisi huenda tukakaa kwao. Sharti lilikuwa moja, nalo lilinikosesha raha: utakayempokea ndiye atakayekupokea. Mgeni akikukimbia akahamia kwa mwengine, na safari yako imehama naye. Nami, wallahi, nilikuwa sijatoka kisiwa hiki ila kwenda arusi Malindi. Niliitaka safari ile mpaka usiku naiota.

Aliyeletwa kwetu Kibokoni aliitwa Lena, msichana mrefu, mpole, wa kucheka upesi. Mama alimpa kitanda chake, yeye akalala chini. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana biriani, alasiri viazi vya karai. Lena akinyanyua sahani aioshe, mama keshampokonya. Akishika ufagio, mimi namkimbilia namwambia aketi, yeye ni mgeni. Tukamweka sebuleni, feni yampepea yeye peke yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na mgeni kuonekana akifagia kwetu ni aibu ya kutembea mtaa mzima.

Wiki haikwisha, kicheko kikamkauka. Akawa hali chakula, achokoachokoa tu. Alasiri moja mwalimu wetu akabisha hodi, akanywa kahawa, akazunguka na maneno, mwisho akasema Lena ameomba kuhamishiwa nyumba nyengine. Sababu hakuitaja. Mama alishika tama. Mimi niliiona ile ndege ikiruka bila mimi. Nikawa sikai: mara jikoni, mara darini, mara sebuleni namuuliza Lena wataka soda, wataka embe, wataka mto? Mama naye akaagiza kuku mwengine achinjwe.

Nyanya yangu, mzaa mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, na ulimi wake haukuwa na pazia. Akatuita jikoni, mimi na mama.

"Mwamlisha kama mbuzi wa Idi," akasema, "na mbuzi mwenyewe hushuku. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mtoto huyu liko wapi?"

Mama akajitetea kwamba methali ile yasemewa wageni waliowachosha wenyeji, na Lena hajamchosha mtu. Nyanya akasonya. Akasema methali tumeisikia nusu. Jembe halimfukuzi mtu. Jembe lamwambia kuwa shamba hili nawe ni lako. Anayeketishwa tu kila siku atajijua kuwa ni mpita njia.

Akatandika mkeka uani, akamwita Lena, akamtia uteo wa mchele mikononi na kumwonyesha namna ya kupepeta. Lena akaurusha, na nusu ya mchele chini. Mama akashika kifua. Nyanya akacheka mpaka ushungi ukamteleza, akasema mchele huokotwa. Tukapiga magoti sote tukaokota. Hapo ndipo Lena alipolia, viganja vimejaa mchele, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole maneno ambayo hata leo yanichoma:

"Kila nikishika kitu mwaninyang'anya. Nilidhani mwaona mikono yangu michafu."

Subhanallah! Sisi twampa heshima, yeye apokea tusi. Mama alimkumbatia. Jioni Lena alikula akaongeza, na kesho yake akamwambia mwalimu kwamba habanduki Kibokoni.

Basi nami nikasafiri. Asubuhi ya kwanza huko kwao, mamake Lena akanitia kisu mkononi na beseni la viazi. Nisikufiche, niliumia. Hata siku zangu mbili sikupewa! Lakini nikamkumbuka nyanya, nikamenya. Viazi havijaisha, mama yule ashaanza kunisengenyea mumewe, nami naitikia japo nusu ya maneno siyaelewi.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwani nimekusikia ukiwaonya wadogo zako kuwa mgeni asiguse kitu. Kawaambie umetengua. Mtukuze siku zake mbili, wala usione haya kumtukuza. Kisha mpe kazi nyepesi, na akiiharibu, cheka naye. Hofu yako ya kumpoteza ndiyo itakayomfukuza. Mtu hashikwi kwa kulishwa, hushikwa kwa kuhitajiwa. Na zamu yako ya kwenda kwao ikifika, usikae kama sultani. Omba kazi, na ukikatazwa usiweke moyoni. Huenda ni heshima yao tu imekosea njia.

Haya, nenda kaoge. Mola akuletee mgeni wa kheri, nawe akufanye mgeni wa kheri, na kila nyumba utakayoingia duniani asikosekane mtu wa kukwambia: hebu shika hapa, nisaidie.