Niliambia Bamama Baanike Chini ya Kitanda

Admin, ficha jina yangu, juu hapa Butembo tunajuana. Niko mwanamuke wa miaka 38, mushonaji, mama ya batoto bane. Sitajipamba mbele yenu: wivu njo inaniua.

Kavugho, binti moja, alikuja kwangu kujifunza kushona, hajui hata kuingiza uzi mu mashini. Nilimufundisha yote. Na ni mimi nilimwambia tushone serviettes, njo pedi za kitambaa, zile mutu anafua na kutumia tena, tuuzishe bei ya chini kule Kalunguta, juu mabinti banakosaka masomo siku zabo za mwezi. Wazo ilikuwa yangu! Mais Kavugho iko na mudomo. Anasimama mbele ya bamama, anacheka nabo kwa Kinande, na sasa kila mutu anasema "serviettes za Kavugho." Hata bwana yangu: "Ule mutoto iko na akili sana!" Nilicheka naye, roho inawaka.

Kavugho anabafundishaka: fueni, anikeni ku jua mupaka ikauke kabisa, juu unyevu inaleta magonjwa. Mais kwetu kitambaa ya mwezi haionekanake. Uanike ku kamba, baba mukwe apite aone? Haya gani ile!

Siku moja Kavugho alikuwa mugonjwa, nikaenda Kalunguta peke yangu. Bamama bakaniuliza pole pole: "Mama, hatuwezi kuanika ndani, chini ya kitanda?" Nilijua jibu. Nikasema: "Anikeni tu, hakuna shida. Kavugho anazidishaka maneno." Bakanipigia makofi. Yesu wangu, ile makofi ilikuwa tamu!

Sasa mabinti banawashwa, bengine bametoka vipele. Bamama bamerudisha serviettes, banasema Kavugho njo alibaletea magonjwa. Hakuna hata mumoja amenitaja mimi.

Jana Kavugho alilia mu atelier yangu ya kushona. "Yaya, dada yangu, labda nilichagua kitambaa mubaya. Siku ya Mungu, kiisha misa, nitasimama mbele yabo niombe musamaha. Utanisindikiza?"

Nikasema ndiyo. Akanikumbatia: "Bila weye ningekuwa nani?"

Nikisema ukweli, Kalunguta sitakanyaga tena. Nikinyamaza, bale mabinti bataendelea kuwashwa, na Kavugho atabeba kosa yangu. Mais kitu inaniogopesha zaidi ni hii: kuna kipande ya roho yangu inangojea ile siku na furaha, nimuone ananyenyekea.

Bandugu, munitukane kama munataka, mais munishauri pia. Nifanye nini mbele ya Siku ya Mungu kufika?