Gitaa Nililolivunja Kabla Halijawa Langu

Mpaka leo nikipita Majengo karibu na ule ukumbi nahamia upande wa pili wa barabara, na nyie mnaonicheka acheni, maana wengine mlikuwepo na mlikula pilau huku mnanitazama.

Mnanijua nilivyo na magitaa. La kwanza nililitengeneza mwenyewe kwa galoni la mafuta na waya za breki za baiskeli, la pili lilipakiwa kwenye lori la Kasanga na sikuliona tena (roho inaniuma hadi kesho), na la tatu ndilo hili lenye ufa mgongoni, nililokuwa nambembelezea binti yangu Veronika akiwa mchanga. Siku ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ombi lake lilikuwa moja tu, nimpigie hilo hilo wakati anaingia ukumbini.

Sasa kosa langu lilikuwa dogo tu. Badala ya kukaa nalo mapajani, nililiweka nyuma ya viti vyetu ili nionekane baba wa heshima mbele ya wakwe. Kutulia sikuweza. Kila mara nainuka kulichungulia, mara nahisi baridi ya mlangoni italegeza nyuzi, mara nahisi mhudumu atalikanyaga, mpaka mke wangu akaniambia nikae, hata bibi harusi mwenyewe hahangaiki hivyo. Nikatoka kunawa mikono, kurudi, gitaa hakuna.

(Mke wangu alikuwa amelifunga kitenge na kulilaza chini ya meza lisipate baridi, kwa sababu ya kelele zangu mwenyewe. Alikuwa pale pale, lakini mimi wa kuuliza? Nilishatoka mbio.)

Nyuma ya ukumbi nikamkuta mwanaume mwenye suti ameinama kwenye mlango wa gari, mikononi ana kitu kirefu kimeviringishwa blanketi, shingo ya gitaa imechomoza. Nikajua analiingiza garini, kumbe ndiyo kwanza analitoa. Nikadaka shingo, naye haachii, navuta, anavuta, ananiambia nisubiri nami namjibu kwamba moja lilishaniponyoka na jingine haliondoki Sumbawanga leo, wageni wanatoka kuangalia, na ndani mshereheshaji ananiita kwenye spika, baba mzazi uko wapi, binti yuko mlangoni. Ndipo shingo ikavunjika. Blanketi likaanguka, nikaona gitaa jipya linang'aa, na nikamtambua yule mwanaume, baba mdogo wa bwana harusi.

"Ilikuwa zawadi yako," akasema taratibu.

Mkwe, jamani. Sisi Wafipa mkwe hata sauti humpandishii, mimi nimempokonya kitu mbele za watu. Nikachuchumaa vumbini na suti yangu, napiga yale makofi ya polepole ya kuomba radhi. Hapo mke wangu akatokea na kitenge chake kifuani, akanitazama, akatazama lile lililovunjika, akanipa la kwangu.

Veronika alikuwa bado amesimama mlangoni na wapambe wake. Walishamwambia aingie kwa muziki wa spika, akakataa.

"Sipigi hatua mpaka baba apige," alikuwa amewaambia.

Nikapiga. Nyuzi mbili zimelegea, na vumbi kwenye magoti yangu kila mtu analiona, lakini binti yangu aliingia kwa wimbo wake, na nililia bila kujificha.

Nikadhani yameisha. Saa ya zawadi wakwe wakaja wakicheza kwa mstari, mbele yao baba mdogo amebeba lile gitaa kwa mikono miwili, shingo inaning'inia kwenye nyuzi. Akaomba kipaza sauti.

"Zawadi ikishatoka nyumbani hairudi," akasema. "Mkwe wetu aliiwahi tu."

Ukumbi mzima ulicheka, wapishi walitoka jikoni kuuliza kuna nini, nami nikalipokea huku natamani ardhi ipasuke.

Fundi seremala aliliunga, kovu linaonekana, sauti yake nzuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Nimeapa kitu changu kisipoonekana namuuliza kwanza mke wangu. Wakwe wakija kututembelea ndilo ninalowapigia, na baba mdogo huomba alishike kidogo, nami nampa kwa mikono miwili, halafu nasogeza kiti changu karibu yake.