Mtoto Aliyeongea Nyumbani Tu

Ulikuwa mwaka ule walipochimba barabara ya sokoni. Hapana, nasema uongo, barabara ilichimbwa mwaka uliofuata. Mwaka wenyewe ni ule upepo ulipong'oa mabati ya posta, na fundi mihuri akavusha meza yake upande wa pili wa mtaa, mbele ya ofisi ya ardhi, akisema atarudi posta ikishaezekwa. Ilichelewa kuezekwa, naye akazoea pale.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na kazi yake ilikuwa kukata herufi kwenye kipande cha mpira kwa wembe. Alizikata kinyumenyume, ili zikigongwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Kazi hiyo inataka mkono uliotulia, na mkono wake ulitulia kweli, lakini sehemu nyingine zote za mwili hazikuwa na habari hiyo. Mguu wake ulipiga chini kutwa nzima kama wa fundi cherehani. Mama mmoja mpiga taipu, aliyekuwa na meza yake pembeni, alikuwa akimwambia kila asubuhi, "Shemeji, hebu ishike hiyo meza yako, ina homa."

Watu walimwita Baba Chiriku. Chiriku lilikuwa jina la utani la binti yake wa miaka minane, mtoto wa pekee, na mtu akiingia nyumbani kwao dakika moja tu alijua kwa nini. Mtoto alikuwa akiongea akila, akiongea akifunga viatu, akiongea mpaka usingizi umkatize katikati ya neno. Kusema jambo lako ilibidi uombe zamu.

Sasa, shuleni kwao kulikuwa na utaratibu. Kila Ijumaa mtoto alirudi na daftari dogo la jalada la bluu. Mwalimu ameandika humo neno kwa mzazi, na mzazi atie sahihi kwamba ameona. Mama Chiriku alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini kwa zamu za kupishana, mara nyingi Ijumaa haikumkuta nyumbani. Baba mtu alirudi vidole vimekufa ganzi, hataki kuiona kalamu. Ijumaa ya kwanza alitia sahihi, ya pili alitia, ya tatu akapata akili ya kifundi. Alikata muhuri mdogo ulioandikwa NIMEONA, na chini yake MZAZI, na katikati akaweka ua la petali tano. Akampa binti yake, pamoja na kikopo cha wino.

Mkewe alimuuliza, sasa hayo maandishi atakuwa anayasoma nani? Alijibu kwamba shule ikiwa na jambo kubwa itaita watu. Mtoto wa fundi mihuri, alisema, ahangaike kutafuta sahihi kama mtoto wa nani? Akajiona mjanja. Chiriku naye aliupenda muhuri ule, akawa kila Ijumaa anajigongea mwenyewe, taratibu, bila kuchafua.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja mwalimu wa darasa la tatu, dada mmoja kijana mwenye mkoba mzito, alitumwa na mwalimu mkuu aende akaagize muhuri mpya wa shule. Akafika pale mezani, chini ya mwavuli wa fundi. Fundi alikuwa na ubao wa mifano, amegonga humo mihuri yote anayojivunia ili mteja achague. Mwalimu akapitisha kidole juu ya ubao, kikasimama.

"Huu ni wa nani?"

Fundi akasema kwa fahari ni wake mwenyewe, amemkatia binti yake, na kama mwalimu anapenda ua kubwa zaidi linawezekana.

"Basi wewe ndiye niliyekuandikia mara kumi na moja," mwalimu akasema.

Mwalimu akaeleza pale pale, amesimama, mkoba haujatoka begani. Mtoto haongei. Tangu shule ifunguliwe hajatoa neno, si kwa mwalimu, si kwa mwenzake wa dawati. Akiitwa jina anatazama meza. Hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni haombi, na mara mbili amejikojolea akiwa amekaa, machozi yanashuka bila sauti. Fundi kwanza alicheka. Alimwambia mwalimu amekosea mtoto, wa kwake tatizo ni kumnyamazisha. Mwalimu akataja jina kamili la shuleni, na fundi akaacha kucheka.

Jioni ile alilifungua daftari la bluu, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, mguu ukipiga sakafu. "Mzazi, mtoto hajibu." NIMEONA. MZAZI. "Mzazi, leo amelia tena, kuna jambo nyumbani?" NIMEONA. MZAZI. "Mzazi, nakuomba ufike, hata kwa dakika kumi." Na chini yake ua la petali tano, safi kabisa. Chiriku alikuwa karibu anasimulia habari za paka wa jirani aliyeingia kwenye ndoo. Alipoulizwa habari za shule, alimalizia kwanza ya paka, kisha akasema shule ni nzuri, na wino umekaribia kuisha.

Kesho yake baba na mama waliingia ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mstaarabu, mwenye kazi nyingi na wanafunzi wengi kuliko madawati. Alisema hana ubaya na mtoto. Ila mwisho wa muhula, yaani baada ya wiki sita, asiyeongea atajaziwa fomu apelekwe shule ya bweni ya watoto bubu, safari ya siku nzima kwa basi. Huko wana walimu wao.

"Mwanangu si bubu," fundi akasema. "Njoo nyumbani umsikilize, utaomba akupumzishe."

"Mimi nyumbani kwako sifundishi," mwalimu mkuu akajibu, bila ukali.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyeomba zile wiki sita zitumike. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku nne kuhusu hofu za watoto, na kwa siku nne hizo wenzake walimtania wakimwita daktari. Alisema mtoto wa namna hii hajakataa kuongea. Sauti ipo, ila hofu inaibana kooni mara anapovuka mlango wa darasa. Fundi alitaka ajue nani amemtia hofu hiyo, amfuate leo leo. Mwalimu akasema huenda hakuna mtu wa kufuatwa. Lililopo ni sauti ya nyumbani kuletwa darasani kidogo kidogo, na wa kuileta ni mzazi, kwa sababu ni kwa mzazi inakotoka.

Mpango ukawa hivi. Kila asubuhi, saa nzima kabla ya kengele, baba na mtoto wakae darasani peke yao waongee yao. Akizoea, mwalimu atapita nje dirishani. Akizoea hilo, atasimama mlangoni. Kisha ataingia akae mbali, asiulize kitu. Hakuna kumhimiza, hakuna kumsifu, hakuna kumwambia sema.

Wiki ya kwanza Chiriku alinong'ona. Ya pili alisimulia kwa sauti yake yote, mpaka kuta za darasa zikamjua. Baba mtu alikaa kwenye kile kiti cha kitoto magoti yakigusa kidevu, akitazama mtoto, saa, mlango, mtoto tena. Wateja walikuja mezani kwake wakakuta mpiga taipu anawaambia fundi siku hizi amerudi darasa la tatu, wamwombee afaulu. Wiki ya tatu mwalimu alifika mlangoni, na mtoto akaendelea kuongea, sauti imeshuka lakini ipo.

Hapo ndipo fundi alipoharibu. Alizihesabu siku zilizobaki, akasema, "Haya mama, mgeukie mwalimu, mwambie hiyo ya paka."

Mdomo wa Chiriku ulifungwa mbele ya macho yake. Siku ile haukufunguka, wala ya pili, na asubuhi ya tatu mtoto hakunong'ona hata wakiwa wawili. Mwalimu hakumlaumu. Alisema tu kwamba watarudi dirishani, waanze pale.

Fundi alishindwa kukaa mezani. Alizunguka ofisi ya ardhi, akarudi, akaketi, akainuka. Alikata muhuri wa wakili mmoja herufi zikiangalia mbele, ukigongwa unasomeka kama umeandikwa kwenye kioo, na wakili akaja juu. Alimwambia mpiga taipu kwamba mtoto atakwenda kuishi na watu wasiomjua, anyamaze huko mpaka asahau hata kule kuongea kwa nyumbani, na mkono ulioandika NIMEONA ni huu hapa. Mpiga taipu akamsogezea kikombe chake cha chai.

Aliyempa neno ni mkewe, jioni nyumbani, akiwa anakunja nguo, wala hakuinua uso. "Wewe unamtazama kama mteja anavyokutazama wewe. Unamngoja amalize. Na mtoto anajua anangojwa."

"Sasa nifanyeje, nifumbe macho?"

"Nenda na kazi yako."

Akaenda nayo. Asubuhi iliyofuata alipanga kwenye dawati wembe, mpira na miwani yake, akainama akakata. Mkewe alijipangia zamu ya mchana kila Jumatano, siku hizo alikuja yeye na soksi za kushona. Hakuna aliyemwangalia mtoto. Chiriku alizunguka darasa, akapanga viti, akaanza kumwambia baba yake kwamba herufi S ameikata imenona. Mwalimu alipita dirishani. Wiki ya tano alisimama mlangoni. Wiki ya sita, Jumanne, aliingia na madaftari yake, akaketi nyuma kabisa, akasahihisha.

Ni siku hiyo, fundi ameinamia mpira, jasho limemjaa mgongoni kwa kujizuia asigeuke, aliposikia sauti ndogo ikienda upande ambao yeye hayupo.

"Mwalimu, umekalia chaki."

"Ahsante," mwalimu akasema, akajipangusa sketi, akaendelea kusahihisha. Mkono wake uliandika alama ya vema juu ya jibu la makosa, lakini hilo alilisema baadaye sana. Fundi hakugeuka. Wembe ulimkata kidole gumba na hakugundua mpaka mpira ulipolowa.

Alhamisi mtoto aliitika jina darasani, kwa sauti ya mbu. Ijumaa alimwomba mwenzake ufutio. Haikuwa zaidi ya hapo, na kwa mwaka mzima yaliendelea kuja hivyo, siku nyingine neno moja, siku nyingine hakuna kitu.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu aliwaita wazazi ofisini. Alifurahi kweli, aliwapa mkono wote wawili. Akatoa kwenye droo kitabu cha fomu za ile shule ya bweni, fomu ya Chiriku imeshajazwa, akaichana mbele yao ili, alivyosema, roho zao zitulie. Mama Chiriku alifuta macho. Mwalimu wa darasa alicheka.

Fundi alikuwa akitazama kitabu. Mtu wa karatasi huona karatasi. Fomu ikitolewa kwenye kitabu kile kilibaki kishina chenye jina na darasa, na nyuma ya kishina cha binti yake vilikuwapo viwili vingine. Mtoto mmoja wa darasa la pili, mmoja wa darasa la nne. Fomu zao zote mbili zilikuwa zimekatwa kwa rula, vizuri, kama fomu iliyofika inakokwenda.

Aliuliza siku ile. Mwalimu mkuu alirudisha kitabu kwenye droo, akasema gari la wakaguzi linamsubiri. Aliuliza tena shule ilipofunguliwa, akauliza na mwaka uliofuata, barabara ikiwa imechimbwa, akiwa amesimama ukingoni mwa mtaro na mwalimu mkuu yuko ng'ambo. Aliuliza maneno yale yale, hakuongeza wala kupunguza.

"Mwalimu, na wale wawili, nani alikwenda kuwasikiliza nyumbani kwao?"