Namba Niliyoifuta

Mashine ya kusoma vijidudu ilipofika katika maabara ninayofagia hapa Nakuru, ilikatiwa utepe, ikapigwa picha, ikafunikwa kitambaa. Dawa za kuiendesha hazikuja nayo. Za kwanza zilikwama bandarini hadi zikaharibika. Fundi wa maabara, mtu wa mzaha, akaniambia, "Mathe, hii mashine imesoma kuliko sisi sote, na haina kazi. Ni kijana wa Kenya kamili."

Sikucheka sana. Ndani ya friza kulikuwa na kichupa cha vijidudu vilivyotoka kwa marehemu mume wangu.

Kipindupindu ndicho kilichomuua, mwaka ule maji ya ziwa yalipoingia mtaa wa Kihoto, kule Naivasha. Alienda huko kuwasaidia watu kutoa vyombo, akarudi nyumbani kwetu Lanet, akaugua siku ya pili. Mama yake alisema mbele ya waombolezaji kwamba mwanawe alikula uchafu kwangu. Lakini fundi alinieleza kwamba vijidudu vina ukoo kama watu. Mashine ikisoma kile cha mume wangu na vile vya wagonjwa wa Kihoto, itajulikana kama ni ndugu. Nikawa nangoja hilo tu.

Semina, hizo hazikukwama popote. Kila mara wataalamu walipanda gari kwenda hoteli Naivasha kujifunza mashine isiyo na dawa. Siku dawa zilipofika kweli, wote walikuwa huko. Mkubwa wa maabara akanipigia simu.

"Mama, friza inahamia chumba cha mashine. Toa barafu yote. Kila kitu pangusa na spiriti."

"Hata vichupa, Daktari?"

"Nimesema kila kitu."

Nikavitoa kwenye makasha, nikavitia kwenye ndoo ya barafu, nikaanza kupangusa. Sasa sikiliza upuuzi. Kalamu isiyofutika ilikuwa imeisha zamani, na ombi la kununua nyingine lilikuwa bado linatafuta sahihi. Kwa hiyo waliandika namba kwa kalamu za ubao walizobeba kutoka semina. Nilipoona kitambaa kimegeuka buluu, vichupa vinne vilikuwa vyeupe, bila namba. Namba ya mume wangu niliijua, kwa maana mimi ndiye niliyetoa kichupa chake wodini. Niliitafuta kwenye vilivyobaki. Haikuwepo.

Jumatatu nilimwambia mkubwa. "Hilo usiliandike kwenye kitabu cha maabara," akasema, "wafadhili wanakuja." Nililiandika, nikatia sahihi.

Mashine ilisoma vyote. Katika vile vinne, viwili vilikuwa vya ukoo wa Kihoto, viwili vya ukoo mwingine. Fundi alinivuta kando, mara hii bila mzaha.

"Mathe, sema chako ni cha Kihoto. Nani atajua?"

"Mimi."

Niliudhika hata naye, ingawa alinitakia mema. Nilimpigia mama mkwe jioni hiyo hiyo, kabla sijaanza kujishauri.

"Imesema nini, hiyo mashine yenu?"

"Haijasema, Mama. Namba yake ilifutika. Mimi ndiye niliyeifuta."

"Uliifutaje?"

"Nilikuwa nasafisha."