Kifaransa cha Makofi

Enzi zetu, na nyinyi mliosoma upande wa Homa Bay miaka ya tisini mtanishuhudia, hakukuwa na simu ya kukutamkia neno. Kulikuwa na Madam, ubao na viganja vyako mwenyewe. Madam wetu wa Kifaransa alikuwa na mtindo mmoja tu: kila silabi, kofi moja. Alichukua maneno yanayoanza na "re", yale ya kufanya jambo tena, akayakatakata ubaoni kama sukuma wiki. Re-ve-nir, kurudi, makofi matatu. Re-com-men-cer, kuanza tena, makofi manne. Hiyo "re" ilitaka uchongoe midomo kama unayepuliza uji wa moto.

Mimi ndiye niliyejiona Mfaransa kuliko wote. Jioni tukianua dagaa wetu wa omena, nilipiga makofi na kukariri mpaka kuku wakahama boma. Nilianza hata kukohoa kwa Kifaransa. Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga sekondari, aliwaambia wenzake sokoni, "Nyathina, huyu mtoto wangu, anaongea Kizungu ambacho hata Wazungu wengine hawakijui." Nilijifanya sijasikia, kisha nikapita hapo tena.

Basi ikatangazwa kwamba mtawa kutoka Kanada angetembelea shule, nami nimkaribishe kwa sentensi tano mbele ya wazazi. Mama alifunga kibanda, akavaa gauni la kanisani, akaketi mstari wa mbele na wenzake wote wa sokoni. Niliogopa jambo moja tu: kumwaibisha mbele yao.

Kwetu mgeni wa heshima hapokewi mikono mitupu. Mwalimu mkuu akaniwekea jogoo mikononi, nimkabidhi mgeni nikimaliza. Sentensi ya kwanza ilikuwa na "revenir", na bila makofi sikuweza kutamka hata jina langu kwa Kifaransa. Nikambana jogoo. Nikachongoa midomo. Mwishowe viganja vikajiamulia vyenyewe: nikapiga kofi, jogoo akaruka, akatua kwenye meza ya wageni na kumwagia mwalimu mkuu soda. Shule nzima ikaangua kicheko. Mimi nikalia, machozi na kamasi, Mfaransa mzima.

Ndipo nikasikia makofi manne, taratibu, kutoka mstari wa mbele. Mama alikuwa amesimama. Kifaransa hakujua, lakini yale makofi ya jioni alikuwa ameyashika yote.

"Anza tena," akasema.

Nikaanza tena, kofi kwa silabi, naye akipiga pamoja nami mpaka sentensi ya tano. Mtawa naye akajiunga kupiga, akicheka. Jogoo alikamatwa jikoni.

Siku hizi binti yangu anabonyeza simu, inamtamkia neno kwa sauti tamu. "Mum, hiyo makofi ni ya nini?" ananicheka. Kwa lafudhi amenishinda, nakubali. Mimi hata leo nikiombwa Kifaransa, lazima kwanza niweke kikombe cha chai mezani.

Lakini simu yake haijui alichojua mama. Alinipigia yale makofi manne nilipofeli mtihani, akanipigia nilipoachishwa kazi, na tena nilipofiwa na mume. Tulipomzika yeye, watu wakatawanyika, nikabaki kaburini mikono imejaa maua. Sikujua niende wapi. Nikayaweka maua chini, nikapiga manne.