Makofi ya Mkutano wa Maji

Nilikuwa nafundisha Stadi za Mawasiliano katika chuo cha ufundi mjini Singida, na wanafunzi wangu walikuwa vijana wa uhandisi wa maji. Somo langu waliliita la kupumzikia. Waliingia wametoka kwenye hesabu za mabomba na mikondo, wananyoosha miguu, mmoja anatafuta pa kuchajia simu, mwingine anamalizia kazi ya mwalimu mwingine chini ya meza. Mimi nilifundisha nikitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, huku upepo ukitikisa mabati juu yetu. Jioni mume wangu alikuwa akiniuliza kwa nini sikai ilhali chakula kimeshaiva. Nilikuwa na wasiwasi tu kwamba ninachofundisha hakimfikii mtu yeyote, na kwamba hata nikiacha, hakuna atakayegundua.

Darasa lile lilikuwa na kijana mmoja hodari wa kusema. Alitoka Morogoro, mrefu, sauti nzito, na akisimama mbele ya wenzake husikii kiti kikilia. Ndiyo maana mwalimu wao wa uhandisi, ambaye chuo kizima tulimwita Injinia, alimchagua yeye azungumze kijijini.

Kijiji kilikuwa upande wa Mtinko. Injinia na vijana wake walikuwa wamekwenda huko kwa mafunzo ya vitendo kupima kama chini ya ardhi kuna maji, karibu na shule ya msingi ambako wananchi walitaka kichimbwe kisima. Walichomeka vyuma ardhini, wakavuta nyaya ndefu, wakapitisha umeme na kusoma mashine. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Sasa yalikuwa yamebaki matokeo, na Injinia akaniomba niende nao nikampe kijana maksi za kuzungumza mbele ya watu.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Wazee walikaa kwenye madawati yaliyotolewa madarasani, akina mama wakakaa chini juu ya khanga zao. Kijana aliamkia wazee vizuri, akasubiri marahaba zao, kisha akaanza.

"Matokeo ya upimaji yanaonyesha kwamba eneo husika lina uwezekano hafifu wa upatikanaji wa maji, kutokana na mwamba uliopo kutokuwa na nyufa za kutosha. Hivyo inapendekezwa kuhamishia mradi katika eneo mbadala lililoko ukanda wa mtoni."

Akaendelea hivyo kwa muda mrefu. Hakukosea neno hata moja. Alipomaliza, watu walipiga makofi. Akina mama wawili wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji akasimama akashukuru kwa niaba ya wananchi, akasema vijana hawa Mungu awabariki.

Yale makofi yalinikosesha raha papo hapo. Mtu aliyeambiwa hakuna maji hapigi vigelegele. Nilimfuata Injinia, ambaye tayari alikuwa anawahimiza vijana wapakie vifaa.

"Injinia, hawa watu wameelewa?"

"Wameambiwa, madam. Kila kitu kimesemwa."

"Kusemwa kimesemwa. Nauliza kuelewa."

"Twende, jua linazama na gari lina safari nyingine."

Wakati tunaelekea kwenye gari, bibi mmoja alinishika mkono. Alikuwa anachanganya Kiswahili na Kinyaturu, lakini nilimpata. Alitaka kujua kama maji yatakuja kabla ya kuvuna alizeti au baada. Nikamwambia, "Bibi, wamesema hapa maji hakuna." Akacheka akanipigapiga begani, akasema nisimtanie mtu mzima, yule kijana ameongea vizuri kabisa. Dereva akapiga honi. Niliingia ndani ya gari, na njia nzima sikuegemea kiti.

Wiki iliyofuata nilikuwa mtu wa kuzunguka tu. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilianza kusahihisha madaftari, nikayaacha, nikaanza tena. Halafu mtendaji wa kijiji, tuliyepeana namba siku ya mkutano, akanipigia simu. Alikuwa na furaha. Alisema wananchi wameanza kusomba mawe ya kujengea msingi wa tenki, kila kaya na zamu yake, akina mama wakiyabeba vichwani kutoka mlimani.

Nilimuuliza, "Tenki la maji gani?"

Akaniuliza, "Si ya vijana wenu, madam?"

Nilikwenda darasani moja kwa moja na kuwaeleza vijana habari ile. Walicheka. Yule wa Morogoro hakucheka, ila alikunja uso.

"Madam, mimi niliwaambia. Nilisema uwezekano ni hafifu."

"Ulisema. Sasa waambie tena. Sisi ndio wanakijiji."

Akasimama akarudia, neno kwa neno. Nikamkatiza. "Mwanangu, hapo shuleni maji yapo au hayapo?"

"Uwezekano wa kuyapata..."

"Yapo au hayapo?"

"Kitaalamu hatusemi hivyo, madam."

"Mama anabeba jiwe kichwani. Atue au aendelee?"

Kijana alitazama ubao kana kwamba jibu limeandikwa pale. Mwishowe alisema polepole, "Atue."

Injinia hakutaka turudi. Alisema kazi ya mtaalamu ni kutoa matokeo, na tukirudi tutaonekana hatujui tunalofanya. Tulibishana ofisini mpaka walimu wenzetu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Nilimwambia nitakwenda na kijana kwa basi la asubuhi, yeye akipenda abaki. Asubuhi ile nilimkuta Injinia stendi, amevaa koti, hanitazami. Tulipanda wote watatu.

Lile rundo la mawe tuliliona kabla hatujafika shuleni. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, mawe yamepangwa kwa ukubwa. Kijana alilitazama, akajifuta jasho ingawa kulikuwa na baridi ya upepo. Nilidhani atanigeukia aniombe nizungumze mimi. Hakuniomba.

Safari hii watu waliokuja walikuwa wachache. Kijana aliwaamkia, kisha akasema, "Wazee wangu, mama zangu, hapa shuleni hakuna maji. Tukichimba hapa tutapata mwamba mkavu. Maji tunadhani yapo kule chini, karibu na mto unaokauka kiangazi. Na kule pia siwezi kuwaapia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alinyanyuka akaondoka bila kuaga. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni akauliza, "Kwa nini siku ile hukusema?"

Nilimwona Injinia akisogea kutaka kujibu. Kijana akamwahi.

"Nilisema, mama. Lakini nilisema kama ninavyowaambia walimu wangu. Sikusema na ninyi. Mnisamehe."

Yule mama hakumsamehe wala hakumgombeza. Aliuliza swali jingine: huko mtoni ni shamba la nani? Hapo ndipo mkutano ulipoanza kweli. Kumbe shamba lile lilikuwa la ukoo mmoja, na ndugu wenyewe walikuwa hawapatani. Watu walibishana kwa Kinyaturu, wakamgeukia kijana kwa Kiswahili kumuuliza umbali, kina, kama maji yatakuwa na chumvi. Akajibu. Pale asipojua alisema sijui. Lilipomshinda swali la mwamba alimwita Injinia, na Injinia akachuchumaa akachora chini kwa kijiti. Bibi aliyenishika mkono siku ile alikaa mbele kabisa, na tulipoondoka hakuitikia kwaheri yangu.

Kisima kilikuja kuchimbwa kule mtoni baada ya mavutano mengi ya ukoo ule, na maji yakapatikana, yana chumvi kidogo. Kijana alimaliza chuo, akaajiriwa mkoa mwingine. Injinia hakunisemesha kwa muda mrefu. Halafu mchana mmoja alisimama kwenye mlango wa ofisi yetu, mikono mifukoni.

"Hawa wapya," alisema, "unaweza kuwachukua kabla sijawapeleka vijijini?"

Nikamwambia naweza. Alipoondoka nilifungua mtaala wangu, ule ule wa kuandika barua za kazi na kujibu usaili, nikausoma kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikuona hata ukurasa mmoja ambao ungemsaidia mtu kumwambia mama atue jiwe. Nikashindwa kukaa; nikatoka nje kutafuta chaki ya somo jipya, ingawa chaki zilikuwepo mezani.